Pale Maji ya Udhu Yasipofika

Fundi aliyetuletea mashine ya oksijeni alimpigia baba kelele sikioni, kana kwamba uziwi ni mlango uliokwama tu. Mashine ikikosa stima, alisema, italia, na hapo mzee auchomoe mpira na kuuhamishia kwenye mtungi wa akiba ulio kando ya kiti. Baba alimtazama mdomo kwa dharau. Alikuwa ameuza ng'ombe Garbatulla maisha yake yote, akimjua kwa macho kila mtu anayeficha kilema cha mnyama. Nikauliza kama kuna mashine inayowaka taa, au kutetemeka, kwa kuwa mgonjwa huyu hasikii hata mbwa akibweka miguuni pake.

"Si ako na wewe?" fundi akasema, akifunga begi lake.

Mchana mimi huwa kazini mjini, na nyumba yetu ya Kiwanjani hubaki na baba peke yake. Nilimchukia yule fundi wiki nzima, na chuki hiyo ikanipa nguvu. Nikatoa simu yangu ya zamani, nikaiwekea programu ya kutambua mlio wa mashine, kisha nikanunua saa ya plastiki inayotetemeka kila simu inapousikia. Nikamfunga baba kwenye kifundo cha mkono.

"Mimi si mbuzi wa kufungwa kengele," alisema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia.

Nikamwandikia daftarini: Mbuzi hawabishani. Akasoma, akalitupa daftari chini ya kiti.

Siku nne aliivaa. Siku ya tano stima ilipotea adhuhuri. Nilikuwa nimerudi kuchukua funguo za ofisi nilizosahau, nikaikuta mashine inalia, na baba kwenye kiti chake akielekea kibla, mpira puani, ameinama. Nilidhani amesujudu. Kisha nikaona hainuki. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu. Nikauhamishia mpira mtungini, nikafungulia hewa, nikamshika mabega hadi kifua kikaanza kupanda. Saa ilikuwa kando ya birika la udhu, ikitetemeka peke yake juu ya saruji.

Hasira ilinijia kabla ya hofu. Niliokota daftari nikaandika hadi kalamu ikatoboa karatasi: Kwa nini umeivua?

Alisoma polepole. Pumzi ilipomrudia, akanyoosha mkono uliokuwa mtupu.

"Tangu ukiwa mdogo unanimiminia maji ya udhu," alisema. "Umeyaona yakipita hapa mara ngapi? Na ni hapo hapo ukachagua kunifunga."

Fundi hakumjua mzee huyu. Mimi ndiye niliyekuwa nikishika birika.

Baba akapandisha mkono wa kanzu, akagusa juu ya kiwiko. "Maji hayafiki hapa. Funga. Na usiniangalie hivyo."

Mkanda ulikuwa mfupi, nikauunganisha na kipande cha ukanda wa mkoba wangu. Niliukaza kuliko ilivyohitajika, naye akakataa kukunja uso, ili tu kunikomoa.

Stima iliporudi, nilimrudishia mpira kwenye mashine, nikasubiri atazame dirishani, kisha nikachomoa waya ukutani. Mashine ikalia. Baba, mgongo ukinielekea, akanyoosha mkono moja kwa moja kwenye mtungi.

"Rudisha waya," alisema, "mjinga wewe."