Moshi wa Bondeni kwa Mzee Sosthenes

Anjela hachanganyi moshi wa jikoni na moshi wa shambani. Wa jikoni ni mwembamba, ukifika juu ya mapaa unapotea. Wa shambani unapanda mnene, mweupe, kama mtu mwenye haraka ya kujitangaza. Hiyo ndiyo kazi yake: anakaa juu ya mnara wa mbao katikati ya msitu wa mipaina nje ya Mafinga, anazungusha darubini, na akiona moshi wa shambani anashika redio ya mawasiliano na kusema uko wapi. Mnara unayumba Oktoba nzima. Mtu mwingine angeshatapika. Anjela hula viazi vyake huko huko juu.

Kabla ya hapo aliwahi kuhudumia madereva wa malori kwenye hoteli moja Ipogolo, akachoka kuitwa "wewe mrembo" kuanzia asubuhi, akarudi nyumbani kwa baba yake. Mzee Sosthenes ni mzee wa kanisa, na aliwalea watoto wake peke yake tangu mama yao alipofariki. Hakuwa mtu wa fimbo. Alikuwa na swali, na lile swali liliuma kuliko fimbo. Siku Anjela, akiwa bado mtoto, alipochuma pichesi za jirani, alimkalisha chini: "Na kila mtoto akichuma?" Anjela akafikiri, akaona mti mtupu na jirani analia. Akarudisha mwenyewe, hata zile alizokwisha kuzing'ata.

Sasa, mwaka jana moto ulivuka kutoka mashambani ukala msitu na nyumba kadhaa. Kijiji kikakutana. Hakuna mkubwa yeyote aliyetoka mjini kuwaamuru. Walikubaliana wenyewe kwamba atakayechoma shamba kiangazi atanyang'anywa kinyungu chake, lile shamba la bondeni lenye unyevu linalolisha nyumba mvua ikiwa mbali. Mzee Sosthenes alinyoosha mkono pamoja na wenzake. Wa kwanza kukipoteza kinyungu alikuwa Eveline, mjane. Moshi wake uliripotiwa na Anjela. Tangu hapo wakikutana njiani Eveline humsalimia kwa sauti ya juu, watu wasikie: "Kamwene, macho ya msitu! Leo umemwona nani?"

Alichokiona mchana mmoja, Anjela alitamani asingekiona. Moshi mweupe, mnene, chini kabisa ya mnara, upande wa bondeni. Akaweka darubini machoni. Sweta la kijani. Mtu anapiga majani kwa tawi, anaruka huku, anaruka kule. Simu ikaita.

"Anjela. Unaniona?"

"Nakuona, baba."

"Nilichoma majani kidogo tu, upepo ukageuka. Nazima sasa hivi. Usiguse hiyo redio."

"Baba, mipaina iko hapo nyuma yako."

"Kwani mimi kipofu? Nimesema nazima! Ukisema, kinyungu kimeondoka. Wadogo zako watakula nini? Watakula mnara?"

"Eveline naye anakula nini?"

Kwenye simu ilisikika sauti ya majani yakipasuka.

"Eveline si baba yako."

"Na kila mlinzi akinyamazia moshi wa kwao, baba?"

"Usinirudishie maneno yangu!" Simu ikakatika.

Anjela hajaishika redio bado, redio yenyewe ikaongea. Alikuwa Fred, kijana wa zamu kwenye kituo cha gari la kuzimia moto.

"Mnara, kuna kitu kama moshi huko bondeni. Si ndiko kwa mzee wenu?" Akashusha sauti. "Dada Anjela, hapa niko peke yangu. Ukisema ni tanuru la matofali, mimi nitasema ni tanuru. Umenielewa?"

Alielewa vizuri mno. Hebu fikiria: mlango umefunguliwa kabisa, na hakuna hata mtu mmoja wa kukuuliza kwa nini umepita. Bosi hajui. Fred hatasema. Baba ataokoka, na moto huenda ukazimika wenyewe. Kama kazi hii ingekuwa ni kuogopa bosi tu, ilikuwa imeshaisha pale. Lakini akili yake ilikataa kupita kwenye ule mlango. Mnara unaoona moshi wa wengine na kupofuka kwa wa kwao ni mnara gani? Nani angeuamini tena? Yeye mwenyewe asingeuamini. Akatazama chini, sweta la kijani likapotea ndani ya moshi, likatokea tena.

Akabonyeza.

"Fred, si tanuru. Ni moto wa shamba. Bondeni, kwa mzee Sosthenes. Leteni gari."

"Una uhakika, dada?"

"Nimeshasema."

Gari lilipofika moto ulikuwa umekwisha. Mzee Sosthenes alikuwa ameuzima mwenyewe, amekaa chini, nyusi zimeungua, anakohoa. Hata mpaina mmoja haukuguswa. Unaona ilivyo? Angenyamaza tu, dunia ingeendelea. Ndivyo watu walivyosema jioni wakielekea ofisi ya kijiji: "Kamuuza baba yake kwa jivu!"

Mwenyekiti, Timotheo, ni rafiki wa mzee tangu utoto. Alikohoa, akatafuta pa kumpitisha.

"Mzee mwenzangu, siku hizi watoto wanawinda panya, wanachoma ovyo ovyo. Pengine ni hao?"

Mzee Sosthenes akatazama sakafu.

"Wewe Anjela," Timotheo akageuka, "uliona moshi tu, au aliyewasha unamjua?"

Ofisi nzima ikamgeukia. Kunyamaza sasa lilikuwa jambo rahisi kuliko yote.

"Namjua," Anjela akasema.

Baba yake akasimama ghafla, benchi likalia. "Asimalizie yeye. Mdomo ninao. Nimechoma mimi. Watoto wa watu waacheni."

Nyuma mtu akaanza kumpigia Anjela makofi.

"Hapa hakuna harusi!" mzee akafoka, akatoka.

Anjela alikuwa akidhani ukitenda lililo sahihi moyo unatulia. Haukutulia. Usiku baba hakugusa ugali aliousonga yeye. Asubuhi Anjela alipanda mnarani akiwa hajasemeshwa, na alipotoka zamu akateremka moja kwa moja bondeni. Mzee alikuwa amepiga magoti, anahamisha miche ya kabichi kwenye ndoo kabla hajakikabidhi kinyungu kwa kijiji.

"Kamwene, baba."

Mzee akaendelea kuchimba. Anjela akainama mstari wa pili, akashika mche, akavuta. Ukakatika.

"Unavuta kama unang'oa jino," mzee akasema bila kuinua kichwa. "Chimba kwanza." Akamsogezea kijembe.