Kucha Nyekundu za Mpima Maji

Jamaa ana mwili wa kubeba friji peke yake, ndevu zimejaa, sauti ikitoka unadhani ni jenereta. Na hoteli nzima wanamwita Bi Kucha.

Usicheke kwanza. Kazi yake ni kupima maji. Kila asubuhi, wageni wakiwa bado wamelala, anaingia baharini mpaka kiunoni, anainama, anatazama miguu yake. Halafu anatoka kwenda kuandika kwenye ubao ulio njiani kuelekea ufukweni: maji safi, maji ya maziwa, mkondo mkali, leo kaeni kwenye viti. Zamani alikuwa anakisia tu kwa macho, na kila siku ugomvi, maana maji safi ya mgeni huyu ni matope kwa mgeni yule. Ndipo akapata akili. Dada yake ana saluni sebuleni kwao, rangi za kucha zimejaa kwenye kapu. Akamwomba ampake nyekundu kwenye vidole gumba vya miguu. Akisimama maji ya kiunoni na kuona wekundu, maji safi. Ukipotelea magotini, maziwa. Kipimo hakibishani na mtu.

Siri ilidumu kwa sababu ya viatu. Sasa getini kuna bomba, na sheria ya hoteli ni kwamba mfanyakazi haondoki na mchanga miguuni. Siku moja akavua, akanyoosha mguu chini ya bomba, na mlinzi wa getini, mtu ambaye hajawahi kunyamazia kitu tangu azaliwe, akainama akatazama kwa heshima zote.

"Karibu, Bi Kucha," akasema. "Na za mikononi tunapaka lini?"

Kabla jamaa hajapata kiatu cha pili, picha ilishafika kwenye grupu la wafanyakazi. Mpaka mpishi aliyekuwa likizo akatuma kidole gumba. Cha mguu.

Lakini jina halikuwa kero yake kubwa. Kero ilikuwa wageni. Mgeni anakuja na simu, anamwonyesha picha ya bahari ya buluu kama sabuni ya kufulia, anauliza mbona hii ya leo haifanani. Jamaa anaeleza: picha ilipigwa kutoka angani, jua la mchana, kiangazi, maji yamejaa. Wewe umekuja mvua imenyesha juzi, mto umemwaga udongo wake wote huku, na sasa hivi maji yanakupwa. Mgeni anaitikia kwa kichwa, halafu anauliza kama yatakuwa tayari baada ya chakula cha mchana. Mwingine alimwomba awaambie wahusika wapunguze mawimbi. Wahusika gani, jamani? Mwingine alilalamika kwamba mwani unamgusa.

Na malalamiko yote yanaishia kwa meneja. Mama huyo naye akachoka. Akamwita ofisini, akamwambia bila kupandisha sauti kwamba kuna kamera inauzwa, inafungwa kwenye nguzo, inatazama maji yenyewe. Ubao ukikosea mara moja tu, kamera inafungwa, na yeye anahamia bwawani kukunja taulo. Bwawani! Mtu anayejua upepo ukigeuka mchanga wa chini unainuka kutoka upande gani, akakae na maji ambayo tangu yajazwe yana rangi ileile na harufu ya dawa ya choo. Alitoka ofisini akiwa mpole kama aliyetoka kung'olewa jino.

Jioni hiyo akamwambia dada ampake upya, maana chumvi ilikuwa imeshabandua rangi. Dada akachokora kapu, akasema nyekundu imekauka. Jamaa alikuwa anaangalia mpira kwenye simu, timu yake inashambulia. Akajibu bila kugeuka: "Dada, paka yoyote."

Jamani. Paka yoyote.

Dada akapaka ile ya mtindo, inayogombaniwa na wateja wote: rangi ya mchanga.

Asubuhi yake jua limechomoza vizuri, upepo hakuna, maji yamejaa yametulia. Jamaa akaingia mpaka kiunoni, akainama. Kucha hazionekani. Akarudi mpaka mapajani. Hazionekani. Magotini, hamna kitu. Lakini kipimo ni kipimo, na leo si siku ya kukosea. Akaenda akaandika kwa herufi kubwa: LEO MAJI MAZITO, HUONI KITU.

Wageni wakasoma, wakakunja sura, wakapanda gari la hoteli na miwani yao ya kuzamia kwenda ufukwe wa jirani, nyuma ya jabali. Hakuna aliyebaki. Viti vyote vitupu, mwavuli mmoja unajipepea.

Meneja akatoka kwenye baraza la juu na kikombe chake cha chai. Akatazama bahari. Akatazama ubao. Akashuka ngazi taratibu, na jamaa anasema ile taratibu ndiyo ilimtisha.

"Nimeona samaki kutoka kule juu," mama akasema. "Na mimi navaa miwani."

Jamaa akasema amepima. Mama akasema twende ukapime tena. Akavua viatu, akakunja suruali, wakaingia wote wawili mpaka magotini, wakainama kama watu waliodondosha ufunguo. Maji yalikuwa kioo. Unahesabu chembe za mchanga. Na juu ya mchanga, miguu miwili mikubwa yenye kucha za mchanga.

Mama akanyoosha mgongo, akamgeukia jamaa.

"Asubuhi uliona samaki?" mama akauliza.

"Niliwaona, bosi. Mmoja alinigusa kifundo."

"Ukaandika huoni kitu."

"Utaratibu ni kucha, bosi. Kucha sikuziona."

Mama akafumba macho. Midomo inacheza, haijulikani anasali au anatafuta tusi. Akamwambia wageni wakirudi awaeleze mwenyewe, kwa mdomo wake, na habari ya taulo itafuata.

Basi wakarudi mchana. Jamaa akasimama mbele yao kwenye ukumbi wa chakula, akaweka mguu juu ya kiti na kueleza yote: nyekundu, saluni, mpira, paka yoyote. Nyuma mlinzi wa getini aliacha geti lake kuja kusikiliza. Watu wakacheka mpaka mzee mmoja akapaliwa na juisi. Mzee alipopata pumzi akasema kule walikokwenda maji yalikuwa mazuri kweli, ila ubao wao umeandikwa MAJI SAFI kwa rangi ya mafuta, haufutiki hata kwa msasa. Akasema kesho yeye atamsikiliza huyu wa kucha, maana angalau anaingia majini.

Meneja alikuwa mlangoni, akasikia. Habari ya taulo haikutajwa tena. Badala yake dada alitumiwa dereva na chupa mpya ya nyekundu, na ikatoka amri: kila asubuhi jamaa apite ofisini kwanza, avue viatu, kucha zikaguliwe na meneja mwenyewe kabla hazijagusa maji.

Jamaa akashukuru, akaenda zake kifua mbele. Kesho yake akakuta fundi wa hoteli ameongeza mstari chini ya ubao, kwa rangi ya mafuta, haufutiki:

IMEPIMWA NA BI KUCHA.

Haya, na wewe usijifanye huna. Lile jina lako la kazini, la shuleni au la nyumbani, lililokuganda mpaka mama mzazi analitumia, lilikujaje? Tupia hapo chini tucheke wote. Bi Kucha anasoma, na anahitaji wenzake.