Jiko la Kusimama la Getrude

Getrude aliangukiwa na mti wakati yeye na mumewe Melkior walipokuwa wakifyeka shamba jipya la mahindi ng'ambo ya mto, huko Mpimbwe. Mganga wa zahanati alimfunga mguu na mfupa ukaunga vizuri, ila goti likakataa kukunjika. Akapona, akarudi kulima na kuchota maji, akienda kwa kuuzungusha ule mguu pembeni. Kitu kimoja tu kilimshinda: kuchuchumaa mbele ya mafiga.

Mwiko ukashikwa na mama mkwe wake, Natalia. Bibi huyo alikuwa mfupi na mgongo wake umeanza kupinda, lakini kila Getrude alipojikokota kwenda jikoni alimwambia, "Kaa, mwanangu. Moto huu na mimi tunajuana."

Hakuwahi kunung'unika, na hilo ndilo lililomchoma Getrude. Angesemwa, angejibu. Sasa alikuwa akikaa mlangoni kuchambua mchele, kisha anapokea sahani kwa mikono miwili kama mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Ikaja Operesheni Vijiji. Watu wa ng'ambo waliamriwa kuhamia karibu na barabara ya Kibaoni, wakagawiwa viwanja kwa mistari. Wengi walilia, na Getrude alilia nao, maana aliacha shamba lililomvunja mguu kabla halijamlipa. Jioni moja walipokuwa bado wanalala chini ya turubai, Melkior alichukua kijiti akaanza kuchora ramani ya nyumba mavumbini.

"Nyumba nitaijenga kama ile ya zamani," alisema. "Lakini jiko, mama Gaspar, wewe unalitakaje?"

Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Getrude jiko analitakaje. Jiko ni jiko. Aliutazama mguu wake ulionyooka juu ya mavumbi.

"Nalitaka la kusimama," alisema.

Melkior hakucheka. Asubuhi alimwita Silvesta, fundi seremala aliyejifunzia kazi misheni ya Karema. Silvesta alisalimu, "Tumsifu Yesu Kristu," akakaa, akaeleza kwamba kinachotakiwa ni ukuta mnene wa matofali uliofika kiunoni, na juu yake uso wa kupikia na kuandalia. Ukuta si kazi. Kazi ni kuchagua huo uso.

"Mbao za mninga ninazo," alisema. "Nikizipiga randa, mama, utajiona humo."

"Na cheche zikidondoka?"

"Mbao zitaungua," alikiri.

Saruji ingefaa, ila mwaka ule haikuonekana madukani hata Mpanda mjini, na iliyopatikana ilikwenda kwenye madarasa. Udongo wa kichuguu ulipatikana bure, lakini Getrude aliujua: ukimwagiwa maji ya mboga kila siku, unamomonyoka. Alifikiri, akasema, "Pale mlimani kuna mawe bapa. Tulikuwa tunaanikia mihogo juu yake nilipokuwa msichana."

Kabati la chakula, ambalo Silvesta angelitengeneza kando ya jiko, nalo lilikuwa na ubishi wake. Silvesta alitaka kuweka milango ya vioo, kama aliyoitengeneza kwa mapadri. Getrude alitaka wavu wa waya, ili chakula kipate hewa na paka apate kuona tu. Natalia, aliyekuwa akisikiliza kwa mbali, alisema mlango wa kazi gani, rafu tupu inatosha, aliyekuja na njaa aone chakula kilipo. Wote walicheka, na mwishowe kabati likapangwa hivi: juu wavu, chini wazi.

Jiwe lilibaki mlimani, na Melkior hakuwa na chombo cha kulibebea. Mwenye mkokoteni wa ng'ombe alikuwa Masele, Msukuma aliyehamia karibuni na mifugo yake. Wenyeji waliogopa kwamba ng'ombe wake wangekula mazao yao, na Melkior mwenyewe hakuwa amemzoea. Alikwenda kumwomba huku maneno yakimkwama.

"Ni la mke wako yule mwenye mguu?" Masele aliuliza. "Mama yangu alikuwa hivyo. Twende kesho."

Walikwenda na vijana wenye mitaimbo, wakang'oa jiwe zuri, laini na pana kama mlango. Kwenye kijito cha mwisho gurudumu liliingia shimoni, mkokoteni ukalala upande, jiwe likapasuka vipande viwili.

Walifika vichwa vimeinama kama watu waliobeba msiba. Masele alivua kofia. "Dada, nimekuvunjia. Nitarudi kutafuta lingine."

Getrude alipitisha kiganja juu ya ule mpasuko. Kipande kimoja kilikuwa kikubwa, kingine kidogo. Akamtazama mama mkwe wake, ambaye kichwa chake kilimfikia yeye begani, akakumbuka jinsi Silvesta alivyopima ukuta kwa kiuno cha Getrude peke yake.

"Usirudi, kaka," alisema. "Fundi, kikubwa kiweke juu, hapo nitapikia. Hiki kidogo kijengee chini kidogo, kwa kimo cha mama, na pembeni umtengenezee kigoda cha mninga. Akitaka kukata mboga akate. Asipotaka, akae aniangalie nikipika."

Natalia alifungua mdomo kukataa. Kisha alishika ncha ya kanga yake, akajifuta macho.

Siku moto ulipowashwa mara ya kwanza, majirani walijaa uani kuona mwanamke anayesonga ugali wima. Mmoja alinong'ona kwamba hayo ni mambo ya wazungu. Getrude alimsikia, akaendelea kusonga. Mwanzoni ugali ulifanya madonge, halafu mwiko ukakumbuka njia. Sahani ya kwanza alimpa Natalia kwa mikono miwili. Ya pili ilikwenda kwa Masele na mkewe Christina, walioleta kibuyu cha maziwa ya mgando. Melkior alikula mwisho, akasema ugali una madonge, akaomba aongezewe.

Miaka iliyofuata wanawake kadhaa wa mstari ule walimwita Silvesta, na yule aliyenong'ona alikuwa miongoni mwao. Ng'ombe wa Masele waliingia kwenye mahindi ya watu mara kwa mara, kukawa na kelele, lakini kwa Melkior mambo yaliishia kwenye mazungumzo. Natalia aliishi hadi akawaona watoto wa mjukuu wake Gaspar. Alipoishiwa nguvu za kukata mboga, alikaa tu kwenye kile kigoda, mgongo ukutani penye joto la moto, akisimulia habari za ng'ambo ya mto. Na Getrude, akikoroga mchuzi, alikuwa akimkatiza katikati ya hadithi: "Mama, onja, chumvi imekolea?"

"Imekolea, mwanangu," bibi alikuwa akijibu, hata siku ambazo haijakolea.