Utosi wa Mjukuu

Mke wangu Thérèse alikuwa mkunga kwetu Uvira. Hapa London alisafisha ofisi. Lakini wanawake wa kanisa letu la Walthamstow, mimba ikikua, walimfuata jikoni kwetu. Alipasha viganja kwenye kikombe cha chai, akawapapasa tumbo, akawaambia kichwa cha mtoto kiko wapi. Mimi nilitoka nje. Kwetu mwanaume hakai pale.

Kisha kansa ikamshika. Dawa zake zikamtia ganzi vidoleni. Vikombe vilimponyoka, yeye akasingizia sabuni. Binti yetu Plamedie alikuwa na mimba. Thérèse aliomba jambo moja tu, mikono yake imjue mjukuu kabla hajaenda.

Siku ya uchungu nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi hospitali. Ndiyo sababu nikajikuta chumbani, natazama ukuta. Plamedie alilia mgongo. Thérèse akapasha viganja, akampapasa. Akakawia. Akasema mtoto amekaa vizuri, uso ameuelekeza mgongoni kwa mama yake.

Mkunga wa pale, Jedidah, Mkenya, akavaa glavu akapima kwa ndani. Akatuambia taratibu kwamba utosi ameugusa upande wa mbele. Mtoto anatazama juu. Kisogo kinakandamiza mgongo wa mama, ndiyo maana unauma hivyo.

Thérèse hakubisha. Aligeuza viganja vyake, akavitazama kama vya mtu mwingine.

"Wewe umesikia vizuri, binti yangu," akasema. "Mimi sisikii tena."

Jedidah akampigisha Plamedie magoti, mtoto apate nafasi ya kugeuka. Plamedie akalaza kichwa mapajani pa mama yake. Mchana ukapita hivyo. Kila Jedidah alipomaliza kupima, Thérèse aliuliza swali ambalo wanawake walimuuliza yeye maisha yake yote.

"Kichwa kiko wapi sasa?"

Jedidah alimjibu kila mara, bila kuchoka. Bado, mama. Kinageuka, mama. Mwisho akasema kimekaa.

Alizaliwa msichana. Wakamlaza mikononi mwa Thérèse. Akapitisha vidole utosini, akarudia, kisha akaniita.

"Baba Plamedie, njoo. Weka mkono hapa."

Nilisita.

"Mzee mwoga. Hutamvunja."

Nikaweka. Akaweka wake juu ya wangu.

"Niambie."

"Ni laini," nikasema. "Panapiga."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu."

Akafumba macho. Mkono hakuuondoa.

Tulimzika kabla ya Krismasi. Mtoto tumempa jina lake. Jumapili wakimleta, napasha kiganja kwenye kikombe, namshika kichwa. Plamedie ananicheka kwa Kiingereza, mimi namwacha acheke. Jumapili hii nilipapasa sana. Utosi umefunga. Pale palipokuwa panapiga ni mfupa tu.