Melkiory, Fidele na Mawimbi ya Mafia

Melkiory Rwezaura, Mnyambo wa kijiji cha Kamuli, bara nyuma ya Bukoba, alikuwa mkulima wa migomba na kahawa kama majirani zake wote. Alisali katika kanisa la Kilutheri, alikuwa na mke mmoja, na alipenda utani. Kilichomtofautisha na wengine, kama alivyonisimulia mwenyewe, ni kwamba kwa miaka karibu kumi alipanga safari ya kwenda kupanda mawimbi baharini, ilhali bahari yenyewe alikuwa hajawahi kuiona.

Habari za mawimbi alizipata vitani. Mwaka 1978 alijiunga na mgambo, akapelekwa mbele pamoja na kijana wa kisiwa cha Mafia aliyeitwa Mshamu. Katika mahandaki, mvua ikiwanyeshea, Mshamu alimsimulia juu ya mwamba ulioko mbali nje ya kisiwa chao, upande wa mashariki. Maji hutoka bahari kuu yakiwa yametulia, alisema, yakifika juu ya mwamba huo husimama ghafla kama ukuta na kukimbia. Yeye na wenzake walizoea kwenda huko kwa mashua, wakalala juu ya vipande vya ubao, wimbi likawachukua, na aliye hodari akasimama wima juu yake.

"Vita ikiisha, njoo," Mshamu alimwambia. "Msimu wa upepo wa kusi ndio mzuri. Ila uje na ubao wako. Huko kwetu mtu haazimi ubao, kama asivyoazima kiatu."

Vita iliisha. Melkiory alirudi Kamuli akamweleza jambo hilo rafiki yake Fidele Twagirayezu, ambaye wazazi wake walihamia kutoka Rwanda. Fidele alichonga mitumbwi ya pombe, ile ambayo ndani yake ndizi mbivu hukamuliwa kwa miguu kupata rubisi. Hakukuwa na fundi kama yeye mpaka mji mdogo wa Nkwenda.

"Mtu asimame juu ya maji?" Fidele aliuliza. "Wewe Mnyambo, ulipigwa na bomu kichwani."

"Nakuapia. Na ubao utauchonga wewe."

"Basi nitachonga miwili. Siwezi kukuacha ukafe peke yako, nani atanunua mitumbwi yangu?"

Tangu hapo mpango ukawa wa watu wawili. Waliupanga wakipalilia, wakivuna kahawa, wakisubiri magari Nkwenda. Watakwenda kwa lori mpaka Bukoba, kwa meli mpaka Mwanza, kwa treni mpaka Dar es Salaam, kisha Mafia. Kila mwaka kulitokea kizuizi: mara mazao mabaya, mara mtoto kuzaliwa, mara msiba. Hatimaye walikubaliana kwamba mwaka 1987, kahawa ikishauzwa, wataondoka.

Fidele aliangusha msizi, mti alioutumia kwa mitumbwi, akachonga mbao mbili ndefu, nyembamba mbele, laini kama kiganja cha mtoto. Alipomaliza alifanya alivyofundishwa na baba yake. Mtumbwi wa pombe ukiachwa ukauke hupasuka; kwa hiyo huwekwa kivulini, humwagiwa maji, na hufunikwa majani ya migomba mpaka siku ya kazi. Mbao zile zikalazwa chini ya migomba ya Melkiory. Yeye na Fidele walizimwagia maji kwa zamu, kwa uaminifu mkubwa, mwaka mzima.

Mwezi wa sita walizibeba mpaka ziwa dogo la bondeni kuzijaribu. Fidele alikuwa ameanza kukohoa, lakini alikataa kubaki nyumbani. Aliweka ubao wake majini, akaulalia. Ubao ukazama naye taratibu, kama ng'ombe anayelala.

Melkiory alijaribu wa kwake. Nao ukazama.

Walikaa ukingoni wakizitazama. Fidele ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

"Tumezinywesha," alisema alipopata pumzi. "Zimeshiba kuliko sisi."

"Zitakauka."

"Juani zitapasuka. Zikae darini, juu ya moshi wa jiko, polepole. Mwaka mmoja."

Melkiory aliniambia kwamba hapo ndipo alipomtazama rafiki yake vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akaona jinsi mifupa ya mabega ilivyolisukuma shati. Walibeba mbao zao zenye maji, wakapumzika kila mlima.

Mwaka ulipopita, mbao zilikuwa nyeusi kwa moshi na nyepesi kabisa. Fidele naye alikuwa mwepesi. Hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani. Siku ya safari Melkiory alikwenda kwake kumwambia kwamba ameahirisha.

"Umeahirisha nini?" Fidele aliuliza akiwa kitandani.

"Tutakwenda ukipona."

"Melkiory, usiniongopee kama mtoto. Nenda. Chukua ubao wangu, ni mzuri kuliko wako. Usimame juu ya hilo wimbi, uje unieleze miguu ilisikia nini."

Melkiory alimgeukia Mukandekezi, mke wa Fidele, akitumaini atamkatalia.

"Nenda, shemeji," Mukandekezi alisema. "Hana jambo lingine analolizungumza."

Akaenda. Huko Mafia Mshamu alimpokea kwa furaha, akausifu ubao mbele ya ndugu zake, na kesho yake wakaenda mwambani. Melkiory aliona kwamba kila alichosimuliwa ni kweli. Maji yalisimama juu kuliko paa, yakaanguka kwa kishindo kilichotikisa mashua.

"Hili linakufaa! Ruka, ndugu yangu!" Mshamu alipaza sauti.

Mikono ya Melkiory iling'ang'ania ukingo wa mashua, ikakataa kuachia. Alisema kesho. Kesho yake ikawa vilevile, na siku zilizofuata pia. Mtu ambaye vitani alivuka mto chini ya risasi alikaa ndani ya mashua na ubao wa rafiki yake mapajani, akilia kwa hasira. Mwishowe Mshamu aliacha kumhimiza.

Katika treni ya kurudi alitunga maneno ya kumwambia Fidele. Alisimama, ndiyo. Nyayo zilisikia mtetemo, kama mtu aliyesimama juu ya lori linaloteremka mlima. Aliyarudia mpaka yakakolea, kwa sababu hakuona zawadi nyingine ya kumpelekea.

Alipofika Kamuli aliona kutoka mbali kwamba hakuna anayelima, kama ilivyo desturi siku za msiba. Nyumbani kwa Fidele nyasi zilikuwa zimetandazwa sakafuni, na watu wamezikalia kimya. Walikuwa wameshamzika.

Mukandekezi alimsogezea nafasi kando yake.

"Pole na safari, shemeji. Ulisimama?"

Maneno yote ya kwenye treni yalikuwepo, tayari. Lakini hayakutungwa kwa ajili yake.

"Hapana, shemeji. Niliogopa. Sikuingia hata majini."

Mukandekezi alivunjavunja unyasi kwa vidole.

"Siku ya mwisho aliniuliza kila saa kama umerudi," alisema. "Nikamwambia salamu zako zimeletwa Nkwenda. Nikamwambia umesimama, ukaenda na wimbi mpaka nchi kavu."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akasema, lazima ni ule ubao wangu."