Mwingereza Aliyekataa Watani

Mwingereza aliyekuwa jirani yangu kule Ulaya alikuja Mafia mwaka juzi kuomba kukaa. Hakuja kutalii wala kutazama papa potwe. Alikuwa ameuza nyumba yake, ameaga watoto wake, na aliposhuka kwenye ndege pale Kilindoni, amevaa kofia ya majani yenye ukingo mpana kama sinia, maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Nchi yangu imekwisha." Hata habari za safari hatujaulizana. Alitaka kupanga nyumba kijijini kwetu, upande wa Kirongwe, azeekee pale. Kwa hilo kijiji kilipaswa kumkubali, na ili kijiji kimkubali alinihitaji mimi.

Alikuwa na haki ya kunihitaji. Mimi niliondoka kisiwa hiki na cheti cha kidato cha nne na shati moja la maana, nikarudi na stashahada ya ufundi wa majokofu. Niliisomea jioni, mchana nikisukuma toroli kwenye ghala lililokuwa na baridi kuliko kaburi. Hakuna mjomba aliyenilipia wala mbunge aliyenipigia simu. Leo barafu wanayolazia samaki wao wavuvi wengi wa Kilindoni inatoka kiwandani kwangu. Stashahada nimeitundika sebuleni, mkabala na mlango, mgeni asipate taabu ya kuuliza. Wapo wanaosema najisifu. Wanaosema hivyo wananunua barafu kwangu.

Basi huyu jirani. Kule kwao nyumba zetu ziligawanywa na ua wa mbao uliofika kifuani, upande wake ametundika bendera ya nchi yake, na juu ya ua ule nilisikilizishwa siasa za Uingereza kwa miaka. Kauli yake kuu ilikuwa kwamba siku hizi huwezi kusema kitu. Aliisema asubuhi akimwagilia maua, akaisema jioni akitoa takataka, na hakuna aliyewahi kumzuia kuisema. Aliwahi kuandika mtandaoni maneno machafu juu ya msikiti wa mtaani. Polisi wawili wakaja, wakaketi jikoni kwake, wakanywa chai yake, wakamwomba apunguze, wakaenda zao. Kisa hicho alikisimulia kama mtu aliyetoka gerezani na mvi.

Uchaguzi wa madiwani ulipofika alipita nyumba kwa nyumba akigawa vipeperushi vya mgombea wake. Akaniletea na mimi. Nikakisoma pale pale mlangoni. Juu, mgombea aliahidi kurudisha uhuru wa kusema. Chini, aliahidi kuzima mahubiri ya msikiti na kuwachunguza watu wanaozungumza lugha za kwao barabarani.

"Mbona haya mawili yanagombana?" nikamuuliza.

"Ni mambo tofauti kabisa," akasema.

"Utofauti wake uko wapi?"

"Sisi tunasema ukweli. Wao wanachochea."

Wimbo wake mwingine ulikuwa kwamba wageni hatutaki kuchangamana na wenyeji. Niliambiwa hayo mimi niliyefanya mtihani wa uraia wao nikaupita mara ya kwanza, nikiwajua wafalme wao, wake za wafalme wao, na nani kati ya wake hao alikatwa kichwa. Siku moja nikamtupia maswali mepesi ya mtihani ule juu ya ua. Akakosa. Akakosa tena. Akasema shule ilikuwa zamani, akaingia ndani.

Msidhani upande wa pili ulikuwa na nafuu. Chuoni kwangu walimu walikuwa na wajibu wa kutazama dalili za msimamo mkali. Majira ya baridi ya mwaka mmoja nikafuga ndevu, kwa sababu kidevu kiliganda, na nikaacha kwenda baa na wenzangu, kwa sababu sinywi. Nikaitwa ofisini. Mama mmoja mpole, mwenye sahani ya biskuti, akaniuliza kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa: "Unajisikia kuwa Mwingereza?"

"Najisikia baridi," nikamjibu.

Akaandika. Sijui aliandika nini. Na nje ya msikiti kulikuwa na kijana aliyezaliwa pale pale, anagawa karatasi kwamba kupiga kura ni haramu na sisi wazee wa Afrika dini yetu imechanganyika na ngoma. Nikamuuliza kama amewahi kumwosha maiti hata mmoja. Hajawahi. Nikamwambia akaanze na hilo, kisha aje kunifundisha. Hao wote, mwenye bendera, mwenye biskuti na mwenye karatasi, walikuwa wakinieleza mimi ni nani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutengeneza jokofu.

Sasa mwenye bendera alikuwa kwangu Mafia, anakula wali wa nazi wa mke wangu na kusifu hewa. Nilimweleza utaratibu wetu tukiwa bado mezani, ili baadaye asiseme hakuambiwa. Kijijini kwetu mgeni anayetaka kukaa hupewa watani. Ukoo mmoja unajitokeza mbele ya watu na kumchukua. Tangu siku hiyo wana ruhusa ya kumtukana hadharani, kumvua kofia, kumnyang'anya kikombe cha chai mkononi, na yeye ana ruhusa ya kuwarudishia. Akiugua, wao ndio wa kwanza mlangoni. Akifa, wao ndio wanaochota maji ya kumwosha na kuwachekesha wafiwa. Asiye na watani kijijini ni mpita njia, hata akae miaka.

"Watakutukana," nikamwambia. "Ukitukanwa, rudisha. Neno moja tu linatosha. Ukisharudisha, umekuwa wa hapa."

Akacheka sana. "Hatimaye nchi yenye uhuru wa kusema!"

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti wa kijiji akanikaribisha nitafsiri. Nilikuwa nimevaa koti langu la mahafali, na joto lilikuwa kali, lakini kuna siku mtu anapaswa kuvumilia. Mgeni akasimama. Badala ya kuamkia na kuomba, akasema yeye ni mtu wa kusema ukweli, na ukweli ni kwamba kijiji ni kizuri ila spika ya msikiti inamwamsha alfajiri, angependa ipunguzwe.

Nikaitafsiri kama ilivyo. Mimi sipaki maneno ya watu sukari.

Imamu, mzee mwenye macho ya kucheka, akajikohoza. "Mwambie amesema kweli. Spika ile mbovu, inakwaruza, hata sisi inatukera. Tunachanga tununue nyingine." Akangoja nitafsiri, mgeni akaanza kutabasamu. "Kubwa zaidi," imamu akamalizia.

Watu wakaangua kicheko, na katikati ya kicheko kile akainuka mama mmoja mjane, mkulima wa mwani, wa ukoo ulio mtani na ukoo wetu tangu mababu. Mama huyu ulimi wake unaogopwa mpaka Miburani. Akamwamkia mwenyekiti, "Shikamoo," akaitikiwa "Marahaba," kisha akaja moja kwa moja mpaka mbele, akamvua Mwingereza kofia, akaivaa yeye.

"Huyu wangu," akatangaza. "Nimemuokota ufukweni. Mkondo umemleta pamoja na chupa za plastiki."

"Mchukue, bibi!" watu wakapiga kelele.

"Hebu mtazameni alivyobanduka pua! Pweza wa kuchoma ana nafuu. Wewe, kwenu walikuanika wakasahau kukuanua? Na wewe," akanigeukia mimi, "Mzungu wa kubandika, umevaa hilo koti tukupake barafu au tukuzike nalo? Mfasirie mume wangu asikie."

Nikamfasiria yote, pamoja na yaliyonihusu. Na mimi nikamrudishia yangu: nikamwambia hata mwani wake unakimbia kina kirefu ukimwona anakuja. Darasa likapiga madawati. Hapo ikawa zamu ya mgeni. Kila mtu alimgeukia, nyuso zimeshajiandaa kucheka, hata mtoto aliyekuwa mgongoni kwa mama yake alichungulia.

Mwingereza alikuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Mwambie anirudishie kofia yangu."

"Mtukane kwanza," nikamnong'oneza. "Ndivyo inavyokombolewa. Sema chochote. Mwambie kofia imempendeza kuliko uso wake."

"Sikuja hapa kudhalilishwa."

"Hajakudhalilisha, amekuchagua. Nilikueleza mezani, ukacheka."

"Nilidhani ni mzaha tu. Huyu ananitukana mbele ya kadamnasi, na ameninyang'anya mali yangu. Kwetu hili ni kosa."

Nakiri ladha ya dakika ile ilikuwa tamu. Nilimkumbusha ua wa mbao. Nilimkumbusha aliyokuwa akiniambia, kwamba mtu huru husema atakalo na anayeumia aote ngozi ngumu. Nikamwambia, "Umefanya mazoezi maisha yako yote. Linatakiwa neno moja tu, na hapa hakuna polisi wa kuja kunywa chai."

"Hayo ni mambo tofauti kabisa," akasema.

Mwenyekiti akaona mambo yamekwama. Akaniuliza tunazungumza nini, nikamwambia mgeni anasema ametukanwa na kuibiwa, na angependa polisi waitwe kutoka Kilindoni. Sikuongeza chumvi wala sikupunguza.

Mwenyekiti ni mtu wa taratibu. Aliutazama ubao ulioandikwa hesabu za watoto. "Muulize vizuri," akasema. "Anataka polisi, au anataka kijiji? Vyote viwili hatuna siku moja."

Nikauliza. Niliuliza polepole, kwa Kiingereza changu kilichopita mtihani, nikamweleza tena kwamba akisema neno moja la kuchekesha sasa hivi atatoka humu ana nyumba, ana jirani, na ana watu wa kumzika. Alitazama madawati. Kulikuwa na watu wanaomtakia heri kuliko mtaa wake wote wa kule. Nilimwona akifungua mdomo, nikadhani litatoka.

"Polisi," akasema.

Hilo halikuhitaji mfasiri. Yule mjane akaivua kofia polepole, akaipangusa kwa kanga yake, akaiweka juu ya dawati mbele ya mgeni. Hakucheka tena.

"Nilikuwa namtaka kweli," akamwambia mwenyekiti. "Nilishamwambia binti yangu atufagilie uani, tumkaribishe chai."

Mwingereza hakuigusa kofia. Alitoka, akatafuta bodaboda, akarudi kwangu kufunga masanduku. Hakuna polisi aliyeitwa, maana aliyetaka kuwaita hakujua njia ya kituo. Wiki ile ile akapanda ndege. Nilimsindikiza, kwa sababu mimi najua wajibu wa mwenyeji, na uwanjani akanipa mkono na kuniambia kwamba mimi nimestaarabika, ila hawa wenzangu bado. Nikamjibu kwamba hawa wenzangu ndio walionilea, na kama angekuwa na stashahada walau moja angeliona hilo. Hakulipenda.

Sasa anaishi nchi nyingine yenye jua, kwenye mtaa wenye lango na mlinzi, Waingereza watupu, hajajifunza hata salamu ya wenyeji wa huko. Najua kwa sababu anaandika mtandaoni kila siku. Ameandika kwamba alifukuzwa kisiwani na watu wenye msimamo mkali, waliompora mali na kumkataza kutoa maoni yake. Wenzake wanamwonea huruma kwa maelfu ya maneno. Nilianza kumjibu, nikaacha. Nina mashine za kutengeneza.

Kofia ilibaki kijijini. Mjane anaivaa akienda kwenye mwani maji yakipwa, na ukingo wake unamfaa kwa jua. Nikipita na pikipiki kwenda Kirongwe hunisimamisha.

"We Mzungu wa kubandika! Mtani wangu hajambo?"

"Hajambo, bibi. Yupo anasema."

"Anasema nini?"

"Anasema haruhusiwi kusema."

Juzi alisikia hivyo, maji yakimfika magotini, akaishika ile kofia kichwani kwa mkono wenye mchanga. "Maskini," akasema. "Mwandikie kwenye hiyo simu yako. Mwambie neno lake moja bado namngojea, na chai ipo."

Nimemwandikia. Hajajibu.