Nilimfukuza Dereva kwa Ajili ya Kenta Inayong'aa

Nimekosa, tena kwa mdomo wangu mwenyewe. Sitamsingizia shetani, ni mimi!

Mie nafyatua na kuuza matofali huku Boko. Miaka kumi na moja kenta yangu, lori dogo la kubebea matofali, iliendeshwa na baba mmoja mtu mzima, nitamwita Mzee Sefu. Kenta ilikuwa imechoka jamani! Mlango tunaufunga kwa kamba, kwenye kilima inatoa moshi utadhani tanuri. Nikaamua kuiuza, nitafute nyingine ya mkononi, iliyotumika ila yenye afadhali.

Dalali akanionyesha moja Temeke. Inang'aa hiyo! Mzee Sefu akaingia uvunguni, akakaa humo weee, akatoka anajifuta mikono.

"Mama, tusiichukue leo. Nipe siku mbili."

"Kwani ina nini?"

"Bado sijajua. Siku mbili tu."

Siku mbili za nini? Kesho yake nampigia, hapokei. Nikaenda Temeke kwa dalali, nani namwona kwenye kibanda cha chai? Mzee Sefu! Yeye na mwanaume nisiyemjua, wameinamiana wananong'ona.

Dalali akacheka. "Anatafuta cha juu huyo, dada. Anataka akupeleke kwa mtu wake, wagawane hela yako."

Nikaamini! Dalali nimemjua wiki moja, nikamwamini. Nikaanza kukumbuka mafuta ya miaka ile yote, kila safari nikaiona ina wizi.

Jioni Mzee Sefu akaja kwenye matofali.

"Lete funguo. Nimekuona Temeke, mwizi mkubwa wewe!"

"Mama, nisikilize kwanza..."

"Sitaki!"

Vibarua wote wanasikia. Mtu ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi! Akanipa funguo, akaondoka kwa miguu.

Nikainunua ile ya Temeke. Wiki ya tatu, imejaa matofali, inapanda kilima cha kwenda kwa mteja Mbezi Beach, chesisi ikakatika katikati. Dereva mpya akavunjika mguu. Fundi akanionyesha: kenta ilishapata ajali, ikaungwa kwa kuchomelea, rangi ikapigwa juu.

Nikaenda kwa Mzee Sefu. Akaitikia shikamoo yangu, akanipa kiti.

"Yule mtu uliyemwona aliwahi kuiendesha kenta ile," akasema. "Niliona alama za kuchomelea, nikamtafuta nimuulize. Akaniambia ilishapata ajali, na jioni ile nilikuja kukwambia."

Nililia! Nikamwomba radhi, nikamwomba arudi kazini.

"Nimekusamehe, mama. Ila sirudi. Wale vibarua nitawaeleza mmoja mmoja kwamba mimi si mwizi?"

Kesho yake niliwakusanya nikawaambia ukweli. Ila mmoja wa waliosikia siku ile alikuwa ameshaacha kazi, na huko aliko bado anajua Mzee Sefu ni mwizi.

Nyie wenzangu, ukimshuku mtu, muulize, halafu nyamaza umsikilize. Mzee Sefu alitaka dakika moja tu, nikamnyima!